Kabla kibarua cha kocha hakijaota nyasi: barua ya wazi kwa bodi za klabu za NRL

Kwa wenyeviti na wajumbe wa bodi za klabu 17 za NRL, ligi kuu ya raga ya wachezaji 13 ya Australia na New Zealand, na kwa makamishna wa Tume ya Ligi ya Raga ya Australia,

Waheshimiwa,

Tarehe 20 Mei 2023, katika uwanja wa Leichhardt Oval jijini Sydney, Wests Tigers waliwanyuka North Queensland Cowboys 66-18. Siku 42 baadaye, tarehe 1 Julai, timu hizohizo zikarudiana Townsville na Tigers wakalala 74-0. Ukipiga hesabu, mzani uligeuka kwa pointi 122. Makocha walikuwa walewale, Tim Sheens upande mmoja na Todd Payten upande wa pili. Kama neno "ari" lingetosha kueleza jambo hili, basi ari ya Tigers ingekuwa imeyeyuka ndani ya wiki sita na ile ya Cowboys ikachipuka kama uyoga baada ya mvua. Hatuamini hivyo, na tunashuku nanyi hamuamini. Ila ndilo neno mnaloliita kila kibarua cha kocha kinapoota nyasi: wachezaji hawajitumi, hawamsikii tena, klabu inahitaji sauti mpya.

Ombi letu ni moja. Acheni kulitoa neno hilo kama hukumu kabla ya kulipima. Kujituma uwanjani kuna sehemu zake, sehemu hizo zinahesabika kwenye video, na kila moja ina mtu wa kuulizwa. Nyingi ni za kocha, na hapo hatumtetei. Nyingine ni zenu.

Tunaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tunayobishania mechi, na kwa sababu ndugu zetu wa Nairobi na Kampala, waliozoea raga ya wachezaji 15 na ile ya saba, hutuuliza kwa nini huku makocha hufukuzwa kama wa soka. Kwa ajili yao tueleze haraka. Huku ni wachezaji 13 kila upande, dakika 80, na timu yenye mpira huangushwa mara sita tu kabla ya kuukabidhi kwa wenzake. Hakuna kugombania mpira chini. Aliyeangushwa anasimama, anausukuma nyuma kwa mguu, na walinzi wote, isipokuwa wawili wanaosimama mbele yake tunaowaita maka, lazima wawe wamerudi mita 10. Kisha wanapanda. Wanagongana, wanaamka, wanarudi tena. Ulinzi wote ni huo, na ndiyo maana mtu akichoka katika mchezo huu anaonekana mvivu, na aliyechanganyikiwa anaonekana mwoga.

Tuje kwenye kupima.

Timu inapoangushwa mara ya tano, kwa kawaida hupiga teke la mbali na kuukimbilia mpira. Simamisha video pale beki wa nyuma wa wapinzani anapoudaka. Chora kwa jicho mstari kutoka kwa mkimbizaji wa mbele hadi pembeni mwa uwanja, uhesabu waliomo ndani ya mita tano za mstari huo. Sisi tukiona wanane tunaridhika. Wakiwa watano, kuna mlango, na mdakaji mzuri atauona kabla yenu. Faida ya kipimo hiki ni kwamba hakihitaji kipaji. Kumkimbilia mdakaji hakuna ufundi wowote wa mikono. Ni miguu na nia.

Kipimo cha pili ni maka. Wawe wawili, wamenyooka mbele ya mpira, kabla huka, yule anayeuokota mpira kutoka chini, hajaugusa. Hapa usihesabu tu, tazama. Maka aliyechoka ameweka mikono juu ya mapaja na mgongo umepinda. Aliyekata tamaa amesimama wima kabisa, lakini macho yake yako kwa refa, anadai kosa, huku huka akimpita ubavuni. Kwa mbali wote wawili wanaonekana wamechelewa. Wa kwanza anahitaji benchi. Wa pili anahitaji mazungumzo, tena si ya Jumatatu mbele ya watu.

Cha tatu ni muda wa kuamka: sekunde kutoka refa anapotangaza kwamba mtu ameangushwa hadi mlinzi aliye chini awe amesimama na kugeuka. Cha nne ni kusindikiza. Mwenzao akichomoka na kupasua ukuta wa wapinzani, ni wangapi wanamfuata kwa karibu kiasi cha kupokea pasi? Cha tano ni kasi ya mstari katika mara tatu za kwanza za kila seti, yaani zile mara sita za timu moja: walinzi wamepanda mita ngapi kabla ya kugongana, na wamepanda pamoja au mmoja amebaki nyuma kama jino lililong'oka?

Mchambuzi mmoja anayejua kazi yake anamaliza haya yote kwa asubuhi moja. Klabu zenu zote zina wachambuzi, na wachezaji wenu huvaa vifaa vya GPS kati ya mabega kila mazoezi. Namba zipo. Kinachokosekana ni mjumbe wa bodi anayeziomba kabla ya kuomba barua ya kumwachisha mtu kazi.

Zikishapatikana, swali lenye faida ni hili: zinashuka lini, na kwa nani? Zikishuka kuanzia dakika ya 25 kwa mafowadi wa kati peke yao, huo ni uchovu, na wa kujibu ni kocha wa viungo au yule anayepanga mabadiliko. Zikiwa chini tangu dakika ya kwanza kwa timu nzima, mara nyingi watu hawajui la kufanya. Kila mmoja anasubiri kuona jirani anafanya nini. Zikishuka upande mmoja wa uwanja tu, kuna watatu wasioelewana, na dawa yake ni wiki mbili za kazi ya watatu hao, wala si hotuba kwa kikosi kizima. Zikiporomoka kila baada ya kufungwa trai, yaani wapinzani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wenu wa goli, na kupanda tena baada ya muda, tatizo liko kwa nahodha na wazee wa timu: hakuna anayewakusanya wenzake chini ya milingoti. Na zikishuka kwa wachezaji wawili watatu ambao tayari wamesaini kwingine, msimtazame kocha. Jitazameni.

Uchovu unastahili maelezo zaidi, maana ndio unaosingiziwa uvivu kuliko kitu kingine chochote. Mchezaji anaudondosha mpira mara ya kwanza kabisa ya seti yake, mita 40 kutoka kwenye mstari wake wa goli. Wapinzani wanapata mara sita. Ya nne ikiisha, refa anamwona mlinzi amemlalia aliyeangushwa, anawapa sita upya. Badala ya sita zimekuwa kumi. Kumwangusha fowadi wa kilo 110 kunahitaji watu watatu, kwa hiyo kosa moja la mikono limezaa migongano 30, na katikati ya migongano hiyo kila mlinzi amerudi nyuma na kupanda mara kumi. Tuseme wamenusurika, hawakufungwa. Sasa wanaanza seti yao wenyewe wakiwa wanahema, huka anafika kwenye mpira amechelewa nusu sekunde, pasi inatoka mbovu, mpira unadondoka tena. Dakika ya 63 winga wa wapinzani anapita katikati ya watu watatu wanaokimbia kama wanaofukuza daladala iliyokwisha kuondoka, na mchambuzi wa televisheni anasema hawana moyo. Kosa lilikuwa la dakika ya 41.

Hapa tuna neno kwa Tume. Mwaka 2020 mlileta utaratibu huo wa kutoa mara sita upya badala ya penalti kwa makosa ya pale mpira unapochezwa, na mwaka 2021 mkaongeza makosa ya kutorudi mita 10. Mchezo ukapoteza mapumziko yake ya asili. Msimu wa 2021 ukajaa vipigo vya pointi 40 na 50, na mwaka 2022 ikabidi mrudishe penalti kwa makosa yanayotokea timu yenye mpira ikiwa bado ndani ya mita 40 za kwake. Mlifanya vizuri kurekebisha. Lakini kumbukeni kwamba katika msimu ule wapo makocha waliokaa mbele ya kamera kueleza "ukosefu wa ari" uliotokana na sheria mliyoiandika nyinyi.

Mabadiliko ya benchi nayo yalipunguzwa kutoka kumi hadi manane mwaka 2016. Propu, fowadi mzito wa kati, hucheza vipindi viwili, kila kimoja cha dakika 20 hadi 30. Kocha anayeogopa kutumia mabadiliko mapema huwabakiza wakubwa wake uwanjani dakika tano kupita kiasi ili awe na akiba mwishoni, na ni ndani ya dakika hizo tano anapofungwa trai mbili. Hilo ni lake.

Na yako mengine mengi yaliyo yake.

La kwanza ni kila mchezaji kujua kazi yake, na kuna namna ya kulipima bila kumwuliza kocha mwenyewe. Siku ya mazoezi, wachukueni walinzi watatu wanaosimama jirani upande mmoja, mmoja mmoja, kila mtu chumba chake. Waulizeni swali lilelile: wapinzani wakija upande wenu wakiwa wanne nanyi mko watatu, nani anatoka, nani anabaki, nani anatoa sauti? Mkipata majibu matatu tofauti, mmepata chanzo cha "uvivu" wa Jumamosi. Mlinzi asiyejua kama jirani yake atatoka husita, na kusita kwa nusu sekunde kunatosha kumfanya aonekane ametembea. Hakuna kelele za mapumziko zinazotibu hilo.

La pili ni kikao cha kupitia mechi. Makocha wengi hulipiza kisasi hapa. Wanawasha video saa nzima, vipande 40, kila kosa na jina lake. Baada ya dakika 20 mtu amejifunza jambo moja tu: namna ya kujificha kwenye kiti. Vipande 12 vinatosha, ndani ya dakika 25, na vitenganishwe. Kuna makosa ya mikono, kama mpira kudondoka au pasi kwenda mbele; hayo yanatibiwa mazoezini, hayahitaji kesi. Kuna makosa ya miguu, kama kutokimbilia teke au kutoamka, hayo ndiyo yanayoulizwa, na huulizwa hivi: "Ulikuwa unaona nini hapa?" Mara nyingine jibu litakuwa "niliambiwa nibaki," na kocha atagundua kwamba maagizo mawili ya wiki ile yalipingana.

La tatu ni uteuzi wa haki. Majina ya vikosi hutangazwa Jumanne saa kumi jioni. Mchezaji anayeachwa ajue kabla ya hapo, uso kwa uso, aoneshwe vipande vitatu, aambiwe kwa namba anachotakiwa kurudisha. Akisoma kwenye simu kwamba ameachwa, mmempoteza yeye na marafiki zake wanne. Na ubaya ulio mkubwa zaidi ni kumbakiza nyota ambaye namba zake za kukimbilia teke zimeshuka kwa mwezi mzima. Kikosi cha watu 30 kinajua. Kila anayejituma kwa mshahara mdogo anatazama kama sheria ni moja, na asipoiona moja, hasemi kitu. Anapunguza kidogo tu. Kidogo hicho cha watu kumi ndicho kinachoonekana kwenye ubao wa matokeo.

Mapumziko ni dakika kumi. Toa muda wa kutembea, daktari, maji, barafu, mtu mwenye viatu vilivyokatika. Kocha anabakiwa na dakika tatu au nne za masikio ya kweli. Mambo matatu, si zaidi: moja la ulinzi, moja la mpira, moja la nani anaingia lini. Anayezitumia kwa kupiga teke ndoo ya maji anafurahisha kamera za chumbani, basi.

Kuna adhabu ya kukimbizwa Jumatatu baada ya kupoteza. Ratiba yenu huruhusu timu kurudi uwanjani baada ya siku tano. Katika siku tano misuli inahitaji mbili au tatu kurudi, halafu panabaki nafasi ya zoezi moja la maana. Kocha anayewakimbiza watu kwa hasira siku ya pili anakopa miguu ya Ijumaa. Ijumaa ikifika na deni likidaiwa, anasema hawakutaka kushinda.

Lililo zito zaidi ni aibu kama kichocheo. Inafanya kazi, tusidanganyane, kwa wiki mbili tatu. Mchezaji aliyeaibishwa atakimbia. Atakimbia pia akiwa na bega lililochomoka na kichwa kinachozunguka. Tangu 2023 anayethibitika kupata mtikiso wa ubongo anatakiwa kukaa nje siku 11, na anayeogopa kuitwa dhaifu ataficha dalili ili asipoteze nafasi yake. Bodi inayomsifu kocha kwa "kuwatoa watu jasho la damu" iwaulize madaktari wake ni wachezaji wangapi waliokuja wenyewe kusema hawajisikii vizuri, na wangapi waliogunduliwa na mtazama video. Uwiano huo unaeleza chumba cha wachezaji kuliko mahojiano yoyote.

Tena karibu nusu ya wachezaji wa NRL wana asili ya visiwa vya Pasifiki, na wengi wamelelewa katika nyumba ambamo kijana hambishii mkubwa. Sisi Waswahili hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Mtoto aliyekaa kimya mbele ya mjomba wake hajakubali, amemheshimu tu. Kocha anayesimama mbele ya vijana 30 akauliza "mna swali?" na kupata ukimya, akaenda zake akidhani ameeleweka, ameelewa vibaya nyumba aliyomo. Wagawe watatu watatu kwa nafasi zao. Mpe mchezaji rimoti, mwambie aoneshe yeye. Mtumie mkubwa wao katika timu aanze kuuliza, maana akianza yeye wadogo wana ruhusa. Ni mambo madogo ambayo hayagharimu dola, na makocha wasioyafanya wanapoteza nusu ya akili za kikosi chao.

Basi hayo ni ya kocha. Akishindwa hayo kwa msimu mzima, mkiwa na namba mkononi, muachisheni kazi na hatutasema neno.

Sasa zamu yenu. Kocha Michael Maguire aliipa South Sydney ubingwa wa 2014, wa kwanza tangu 1971. Baada ya msimu wa 2017 akaondolewa. Aliyempokea, Anthony Seibold, akatajwa kocha bora wa mwaka 2018 na kwenda Brisbane, ambako mwaka 2020 timu iliburuza mkia kwa mara ya kwanza katika historia yake, naye akaondoka kabla msimu haujaisha. Maguire akaenda Wests Tigers na kufukuzwa Juni 2022. Tigers wakashika mkia mwaka huo, wakashika tena 2023, na tena 2024. Maguire mwaka 2024 akaiongoza New South Wales kushinda State of Origin, mfululizo wa kila mwaka dhidi ya Queensland, na 2025 akaichukua Brisbane iliyomaliza ya 12 msimu uliotangulia, akaifunga Melbourne Storm 26-22 katika fainali. Katikati ya msimu huo Brisbane ilipita kipindi kibaya cha vipigo. Bodi haikutetereka. Msome mlolongo huo polepole. Ama mtu mmoja hujua na kusahau kuhamasisha watu kila baada ya miaka mitatu, ama klabu inayomzunguka ina sehemu kubwa ya jambo hili.

Penrith walimtimua kocha Ivan Cleary 2015, wakamrudisha 2019, wakamaliza wa kumi mwaka huo, wakavumilia, kisha wakachukua mataji manne mfululizo kuanzia 2021 hadi 2024. Mwishoni mwa Mei 2025 walikuwa mkiani mwa ligi. Walimaliza wa saba na kutolewa nusu fainali kwa pointi mbili tu, 16-14, na Brisbane haohao. Ndiyo, ni rahisi kuvumilia mtu mwenye mataji manne. Lakini mwaka 2019 hakuwa nayo hata moja.

Jambo ambalo bodi hulisahau ni hesabu rahisi. Kocha hufukuzwa timu ikiwa kwenye shimo lake la chini kabisa. Kutoka hapo, yeyote atakayeshika filimbi, matokeo yana nafasi kubwa ya kupanda kuliko kushuka. Msaidizi anapewa timu, wanashinda mechi moja kwa mori, magazeti yanasema "sauti mpya imefanya kazi". Wiki ya nne namba za kukimbilia teke ziko palepale. Mmelipa fidia ya mkataba, na walinzi wa upande wa kushoto bado hawaongei.

Halafu kuna tarehe mosi Novemba. Kwa utaratibu wenu, mchezaji anayeingia mwaka wa mwisho wa mkataba anaweza kuzungumza na klabu nyingine kuanzia siku hiyo, yaani mwaka mzima kabla hajaondoka. Anasaini Desemba, halafu anaichezea klabu ya zamani hadi Septemba, wakati mwingine dhidi ya mwajiri wake wa kesho. Wengi wao hujituma kwa uaminifu, na ni dhambi kuwatuhumu kwa jumla. Lakini mnamtaka kocha ajenge watu watakaoumia kwa ajili ya wenzao huku robo ya chumba ikijua tarehe ya kuhama. Tunajua hoja ya wachezaji: mwili unaweza kuvunjika Machi, na mkataba uliosainiwa mapema ni bima. Ni hoja halali, na mahakama iliwahi kuwalinda mwaka 1991 ilipoutupa mfumo wa klabu kuchagua wachezaji kwa zamu. Pendekezo letu ni dirisha lifunguliwe mwezi Juni wa mwaka wa mwisho, na mchezaji atakayeumia vibaya kabla ya hapo ahakikishiwe na ligi mshahara wa msimu mmoja zaidi kwa kiwango chake. Fedha za televisheni zinaliweza hilo.

Mrithi aliyetangazwa mapema naye ni tatizo. Mwaka 2022 Tigers walitangaza kwamba Sheens angeongoza miaka miwili na Benji Marshall angefuata. Palikuwa na nia njema na mapenzi ya dhati ya klabu, maana wawili hao walileta ubingwa wa 2005, mmoja akiwa kocha na mwingine mchezaji. Hatudai mpango huo ndio uliofungwa trai zile za Townsville. Tunachosema ni kwamba mchezaji mwenye mabwana wawili, wa leo na wa kesho, humsikiliza zaidi yule atakayesaini mkataba wake ujao. Mwaka 2023 haukuisha Sheens akaondoka.

Na mshahara. Hili litazameni Uingereza. Februari 2025 Salford, ikiwa imebanwa kifedha na kuwekewa kikomo cha matumizi, iliingiza timu ya vijana katika mechi yake ya kwanza ya msimu wa Super League, ligi kuu ya huko, na kufungwa 82-0 na St Helens. Mishahara ilichelewa mwaka mzima, na Desemba mahakama ikaamuru klabu ifungwe. Kocha wao Paul Rowley hakulaumiwa na mtu mwenye akili, kwa sababu chanzo kilikuwa wazi kama mchana. Mara nyingi hakiwi wazi hivyo, ndiyo maana lazima kitafutwe.

Tunachoomba kitekelezeke kabla ya msimu ujao ni hiki. Kila bodi ipokee kila mwezi ukurasa mmoja wenye vipimo vitano tulivyovitaja, vikigawanywa kwa robo za mchezo na kwa nafasi, umesainiwa na mchambuzi, si na kocha. Mkataba wa kocha useme waziwazi ni nani mwenye neno la mwisho katika kusajili, maana hamuwezi kumnunulia mtu propu watatu wazito kisha mkamlaumu kwa mstari usiopanda. Uamuzi wa kumwondoa usifanyike ndani ya siku kumi baada ya mechi yoyote, na kabla yake watu watatu wasio na cheo klabuni, mmoja akiwa mchezaji mstaafu na mmoja mtu wa tiba, wazungumze na wachezaji faraghani na kuandika nani anawajibika kwa nini, majina ya wajumbe wa bodi yakiwemo. Tume iwe na nakala. Perth inaingia ligini 2027 na Papua New Guinea 2028; kwa klabu hizo mbili hakuna desturi ya kuvunja, masharti haya yaandikwe katika mkataba wa kwanza kabisa.

Video ya Townsville mnayo. Anzeni dakika ya kwanza, simamisheni kila teke, mhesabu.

Wenu,
Mashabiki na makocha wa ngazi ya mitaa tunaozungumza Kiswahili